Uliyewahi kugombana na karakana ya kampuni iliyokuuzia gari, njoo tupeane uzoefu

Habari za jioni wakuu.

Nimefungua uzi huu baada ya kukaa na donge wiki 3. Gari langu ni dabo kebini ya dizeli, nililichukua jipya, waranti miaka 3 au km 100,000, chochote kitakachotangulia. Sevisi zote nimefanya kwao, sijaruka hata moja.

Sasa ile ya km 40,000 ndiyo kubwa: oili, filta ya oili, filta ya dizeli, filta ya hewa, filta ya AC, oili ya breki. Ankara ikasoma laki 9 na ushee. Nikalipa, nikakabidhiwa gari limeoshwa linang'aa, na kikaratasi kwenye kioo cha ndani cha kunishukuru kwa kuwaamini.

Nyumbani napaki chini ya mwarobaini. Wenye huo mti mnajua, vile vijani vyembamba vinazama pale chini ya waipa na feni inavivuta ndani. Jumapili yake nawasha AC, harufu ni ileile ya vumbi. Nikashusha kikabati cha mbele ya abiria, nikachomoa filta. Wakuu, majani ya mwarobaini yamekauka na kujipanga kwenye mikunjo kama mtu kayaanika makusudi. Filta yenyewe nyeusi kama kitako cha sufuria ya kuni. Nikaigonga sakafuni, likatoka vumbi jekundu la safari niliyokwenda mwezi wa 2, na hii ilikuwa mwezi wa 7.

Jumatatu nipo kaunta. Meneja wa sevisi akaishika kwa vidole viwili, akaniambia: "Mzee, haya majani yameingia ukiwa unarudi nyumbani." Kutoka kwao hadi kwangu ni km 9. Nikamuuliza na huu weusi nao umeingia kwenye hizo km 9? Akamwita kijana, ikaja filta mpya, ikafungwa mbele yangu kwa dakika 4. Hela ya ile ya kwanza hakuna aliyeitaja. Kabla sijatoka nikaletewa fomu nitie saini kwamba mteja ameridhika. Sikutia, na mpaka leo wananipigia simu juu ya hiyo fomu.

Kinachoniuma si filta ya AC, maana hiyo naichomoa kwa mkono. Filta ya dizeli je? Oili ya breki je? Huko nani atafungua akaangalie?

Karibuni. Kampuni tusizitaje, tusije tukatafutana mahakamani.

Mama Wawili

Yangu sasa hivi nacheka, wakati ule nililia. Nilipeleka gari Ijumaa lina mlio mbele, nikaambiwa spea inasubiriwa, njoo Jumatatu. Nina ugonjwa wa kupiga picha kila kitu, nikapiga na dashibodi. Jumatatu naangalia, limetembea km 71. Eti ni rodi testi, fundi lazima ausikilize mlio. Km 71 anausikiliza mlio!

Nikameza, nikaondoka. Njiani mwanangu ananiambia, mama, huku nyuma kuna mchanga. Mweupe, wa ufukweni. Kwenye mfuko wa mlango nikakuta risiti ya daraja la Kigamboni, Jumamosi saa 5 asubuhi, na nyingine ya kurudi saa 2 usiku. Rodi testi yangu ilikwenda kuogelea.

Nikarudi, nikazilaza zile risiti 2 kaunta bila kusema neno. Yule kaka wa mapokezi akasoma, akazigeuza akasoma na nyuma ambako hakuna maandishi, akaingia ndani. Nilijaziwa tangi zima na gharama ya ufundi ikafutwa. Ila picha ya dashibodi peke yake isingenisaidia, kwa zile kilomita walishapata jibu.

Benchi la Mwembeni

Ndiyo maana mimi niko na fundi wangu chini ya mwembe. Elfu 30 ya ufundi, nakaa kwenye benchi naangalia kila nati inavyokazwa. Nyie mnalipia kiyoyozi na kahawa.

Mleta uzi

Mkuu, waranti ikifa utanilipia wewe?

Msafiri wa Iringa

Langu ni X-Trail T31 ya Japani, siyo ya shoorumu, lakini nililipeleka karakana kubwa yenye vigae sakafuni nikiamini nimekwepa mafundi wa kubahatisha. Hili gari gea boksi yake ni CVT, mkanda wa chuma na puli mbili, inataka oili yake maalumu, inaitwa NS-2. Ukiweka oili ya gea boksi ya kawaida ule mkanda unateleza na unajila wenyewe. Jobu kadi, ile karatasi ya kazi unayosaini ukipeleka gari, iliandikwa "oili ya gea boksi lita 4", basi.

Wiki 2 baadaye napandisha mlima Kitonga. Injini inalia, mshale wa mizunguko uko 4,000, gari linakwenda kama limefungwa kamba nyuma. Malori ya mizigo yakanipita. Wanaoijua Kitonga wataelewa fedheha niliyoipata. Nikajikongoja hadi Iringa mjini, fundi wa pale akachomoa kijiti cha oili, akapaka kidogo kwenye karatasi nyeupe: nyekundu kama sharubati ya rozela. ATF ya kawaida kabisa, ile oili ya gea boksi za otomatiki zisizo CVT.

Niliporudi Dar wakaniambia, "Oili ulileta mwenyewe." Sikuleta! Lakini nathibitisha vipi? Jobu kadi haina aina ya oili, risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, imeandikwa "huduma". Nikashauriwa niende Tume ya Ushindani, kwamba Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji. Nikaanza kuandika barua usiku, nilipofika pa kuambatisha vielelezo nikafunga kompyuta nikalala. Gea boksi ya mtumba nilinunua milioni 2.6.

Kaunta Namba 2

Nimekaa mapokezi ya sevisi miaka 6, kampuni 2 tofauti, sasa nimetoka. Naomba niseme na ya upande ule, mnitukane taratibu.

Wateja nao wana yao. Aliwahi kuja mzee mmoja injini imekwama, anadai waranti. Kitabu cha sevisi kina mihuri yote, wino mmoja, saini moja, na muhuri wa km 15,000 una tarehe ambayo gari lilikuwa bado liko melini.

Halafu waranti wengi mnaielewa visivyo. Ukibadilishiwa kitu kwa waranti, wakala wa hapa anakwenda kuidai hiyo hela kiwandani. Kiwanda kinataka picha, namba ya chesisi, namba za hitilafu zilizosomwa na kompyuta, rekodi ya sevisi, na mara nyingine kipande kibovu chenyewe. Kikiona pengo kinakataa, na hasara inabaki kwa wakala. Kwa hiyo mtu wa dawati la waranti akikuona unaingia, anachotafuta kwanza ni pengo lako. Hana chuki na wewe, analinda kibarua chake.

Kuhusu filta ya mleta uzi. Kila kazi ina muda wake wa kitabu. Kitabu kikisema saa 1, unatozwa saa 1 hata kijana akimaliza kwa dakika 25, na fundi naye anapimwa kwa saa alizozalisha. Sasa chukua siku ina magari 14 na lifti 3. Kinachorukwa ni kile kilichojificha, na filta ya AC imejificha nyuma ya kikabati. Yule kijana kaweka alama ya vema kwenye fomu ya ukaguzi, kahamia gari lingine. Ile filta mpya iliyotolewa stoo? Hiyo huwa inatoka getini ndani ya ovaroli. Meneja anajua. Mimi nilikuwa najua.

Jobu kadi ikiandikwa "sevisi" au "angalia mlio" kataa kusaini. Iandikwe mlio unatoka wapi, spidi ngapi, barabara gani, asubuhi injini ikiwa baridi au mchana. Iandikwe aina ya oili na lita. Na pale pale, kabla hujatoa ufunguo, iandikwe "vipande vya zamani arudishiwe mteja". Ukividai saa 10 jioni vimeshachanganywa kwenye pipa na vya watu 13 wengine.

Mkigombania bili, kumbukeni karakana inaruhusiwa kulishikilia gari mpaka kazi waliyofanya ilipwe. Nimeona watu wazima wakipiga kelele getini hadi magharibi na gari halikutoka. Lipa, ila andika juu ya ankara "nimelipa nikiwa napinga", taja unachopinga, saini, piga picha. Ugomvi uendelee gari likiwa kwako.

Msafiri wa Iringa

Hilo la kuandikisha aina ya oili ningelijua mwaka juzi.

Mvuvi wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Pikapu yangu ya dizeli ndiyo hubeba samaki wangu. Nozeli, zile za kupulizia dizeli ndani ya injini, zikafa km 62,000, waranti bado i hai. Nikaambiwa, "Mafuta machafu, waranti haihusiki, toa 480,000." Hela zetu za Kenya hizo, mfanye hesabu.

Hiyo ya mafuta machafu ni dua waliyoihifadhi, kila nozeli ikifa inasomwa. Nikawauliza, mmeyapima wapi? Leteni karatasi ya maabara. Hawana. Nikauliza tena, filta ya dizeli mlibadilisha nyinyi mwezi uliopita, mlikuta maji? Kimya. Nikatoa jobu kadi yao, pale kwenye mfumo wa mafuta fundi wao kaandika kwa mkono wake: "Sawa." Neno moja tu lile, na ndilo lililonipa nguvu.

Nikaenda Mahakama ya Madai Madogo. Inapokea dai hadi shilingi milioni 1, kesi inatakiwa imalizwe ndani ya siku 60, na waweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Siku ya 19 wakanipigia wao. Tukapatana walipe nozeli, mimi nilipe kazi. Msinipongeze sana. Gari lilikaa kwao miezi 2 na nusu, samaki nabeba kwa tuktuk, barafu inayeyuka kwenye foleni ya feri.

Bin Seif, Maskati

Huku ugomvi wetu ni AC. Wakala kanijazia gesi mara 3 msimu mmoja, kila mara analipisha na kupima. Nyuzi 46 nje, watoto nyuma wanalia. Nikaandikia Mamlaka ya Kulinda Walaji, siku ya pili wakala kapiga simu sauti laini kama ya bwana harusi. Ikabadilishwa evapareta, kile kipozeo cha AC cha ndani, yaishe.

Benchi la Mwembeni

Bado niko kwenye benchi langu. Nimewasoma wote, kahawa yangu nanunua mwenyewe kwa mia 2.

Mleta uzi

MREJESHO. Leo nimepeleka ya km 45,000. Nimefuata maneno ya Kaunta Namba 2 neno kwa neno. Jobu kadi ikaandikwa aina ya oili, lita, na vipande vya zamani nirudishiwe. Yule dada wa mapokezi alipoandika hilo la mwisho akaniangalia kidogo, akaendelea.

Saa 9 nimekabidhiwa gari, na filta ya oili ya zamani ndani ya mfuko wa nailoni, umefungwa vizuri na fundo. Nimefurahi, nimeshukuru, nimekuja nyumbani. Nimeitoa sasa hivi niipige picha niwawekee hapa.

Wakuu, hii filta ni ndogo kama kikombe cha chai. Nimefuta grisi kwa kitambaa, namba yake inasomeka, nikailinganisha na ile iliyoko kwenye ankara. Hazifanani hata tarakimu 3 za mwanzo. Nimeitafuta mtandaoni, ni ya gari dogo la petroli.

Ya kwangu iko wapi sijui. Labda bado imefungwa kwenye injini. Ufunguo wa filta ninao, ila mke wangu kanikataza nisiguse, anasema wakiona imeguswa watasema nimefungua mwenyewe. Kesho saa 2 asubuhi nipo kaunta na mfuko wangu.