Ndege wanatoka kijivu, anga jeupe: nakosea wapi nikipiga kuelekea jua?

Dagaa Mkavu
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Mwanza, jioni natega kamera ufukweni, nikitazamana na Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani. Mnandi, wale ndege weusi wa majini, wanatua pale kukausha mbawa, jua linazama nyuma yao. Kwa macho ndege ni weusi tii na anga lina rangi ya embe bivu. Kwenye kamera napata ndege kama wamemwagiwa majivu, na anga jeupe kama shuka la gesti. Ni Canon ndogo, lenzi 70-300, upimaji wa mwanga nimeweka wa nukta (kamera inapima kisehemu kimoja kidogo tu) maana nilisikia ndio wa ndege. Jana nimepiga 214, zimebaki 2, na zote mbili ni za mtumbwi. Naombeni msaada.

Fundi Mwanga
Hiyo nukta ndiyo mchawi wako, mkuu. Umeibandika juu ya mnandi, ndege mweusi wa kuzaliwa, tena kalipa jua mgongo. Kamera inadhani ni giza, inaongeza mwanga hadi mweusi awe kijivu, anga linaungua. Nukta ipeleke angani pembeni mwa jua, siyo kwenye jua lenyewe, bonyeza kitufe cha nyota kufunga kipimo, ndipo urudi kwa ndege. Ukiona usumbufu weka M, upange kila kitu mwenyewe: ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 200, tundu la lenzi f/8, kasi ya shata 1/1000 ya sekunde. Bado kweupe? Panda 1/2000.

Fokasi ishike ukingo wa bawa, pale weusi unapokutana na anga. Ukilenga tumbo jeusi lenzi itahangaika mbele nyuma mpaka ndege aondoke. Na jua likiwa bado kali usilichungulie kupitia tundu la kamera, jicho halina spea.

Dagaa Mkavu
Nimekusoma. Kwa hiyo manyoya ndio tuyasahau?

Mama Yangeyange
Chagua moja, mwanangu. Ukitaka manyoya ya ndege aliye mbele ya anga, ongeza mwanga kwenye kamera, +1 mpaka +1.7, na ukubali anga kuwa jeupe tupu. Mimi kwa mwanga wa nyuma sina mpango na mnandi, nampenda yangeyange, yule ndege mweupe: bawa lake linapitisha jua kama pazia. Mvizie awe na mafunjo yaliyo kivulini nyuma yake. Hapo usiongeze kitu, hata punguza kidogo, utaona uzi wa mwanga umemzunguka mwili mzima.

Ila picha nyeusi inabebwa na umbo. Mnandi watatu wakibanana ni gunia la mkaa. Ngoja mmoja atanue mbawa na ageuze kichwa, mdomo ukae ubavu, ile ncha iliyopinda kama ndoana ionekane.

Kishada
Sisi wa simu: zima HDR, ile ya kuchanganya picha kadhaa ziwe moja, maana inalazimisha kivuli kiwe cheupe. Gusa anga, kisha shusha kile kijua cha pembeni. Halafu jua likishazama msikimbilie daladala, rangi inakolea dakika kama kumi baadaye.

Fundi Mwanga
Kwa waliotua, sawa. Kwa wanaoruka umechelewa. Shata ikishuka 1/125 mbawa zinageuka moshi. Na huku jirani na ikweta jua linashuka wima, likigusa maji una dakika mbili hivi limekwisha. Mipangilio yote iwe tayari kabla.

Dagaa Mkavu
Mrejesho, wakuu. Leo saa 12:45 nimepima anga, nikafunga, nikamsubiri mmoja hadi katanua. Weusi tii! Embe lipo! Tatizo moja: vilima vya ng'ambo, upande wa Kamanga, vimepita shingoni kwake. Kichwa kipo angani, mwili umezama kwenye vilima. Mama, nifanyeje?

Mama Yangeyange
Ulipiga umesimama?

Dagaa Mkavu
Ndiyo.

Mama Yangeyange
Kesho chuchumaa. Vilima vitashuka miguuni kwake. Na uvae suruali ya kuchafua.