Mbwa mzee aliyekondeana: nianzie wapi?

Nkuhungu_Dom: Wakuu, nimekabidhiwa mbwa mzee nimtunze hadi apate mwenyewe. Kilo 12, mbavu zinahesabika, masikio yamejaa kupe, miguu ya nyuma inachechemea. Nimpe nini leo?

Mfuga_Mbwa: Usimshindilie ugali, mkuu. Mwili uliozoea njaa ukipata wanga mwingi ghafla, madini ya fosfati na potasiamu hushuka kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Siku 2 za kwanza mpe robo tu ya mlo wa kawaida, uigawe mara 5 au 6, kisha ongeza taratibu hadi siku ya 10. Kuku wa kuchemsha asiye na mifupa, wali kidogo. Chumvi na kitunguu hapana.

Kwa_Babu: Fizi je? Bonyeza kwa kidole, uachie. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, au fizi ni nyeupe, daktari wa mifugo leo leo: kupe huleta magonjwa ya babesia na erlikia, damu inaisha. Wang'oe kwa kibanio, ukishika karibu na ngozi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi isimguse. Humfanya mbwa dhaifu apoe mwili na kulegea.

Nkuhungu_Dom: Zimepauka kweli. Miguu nimpe diklofenaki ya maumivu?

Kwa_Babu: Thubutu! Hiyo na ibuprofeni humtoboa tumbo na kuua figo. Mkunjie magunia mazito, asilale kwenye saruji, upepo wa Juni huu si mchezo. Kucha zikimzidi, zipunguze ncha tu. Ila kwa fizi hizo mpeleke sasa, akapimwe damu na figo.