Babu na bibi wamsomesheje mjukuu chuo?

Mbozi Juu: Wakuu, wazee wana gunia 40 za mahindi, mjukuu kapata MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, Mbeya). Baba yake ni marehemu. Wauze yote sasa?

Mhasibu: Hapana. Wauze ya ada ya muhula wa kwanza na pango tu. Yanayobaki yakaushwe hadi unyevu 13%, yatiwe kwenye mifuko ya PICS (isiyopitisha hewa), yauzwe Januari au Februari bei ikipanda. Yakiingia mabichi yanaota ukungu, na panya wakitoboa mfuko hewa inaingia, wadudu dumuzi wanaendelea kula.

Uyole: Ada asipewe mkononi. Achukue kontrol namba (namba ya kulipia) kwenye akaunti yake ya chuo, babu alipie benki au kwa simu, risiti itunzwe.

Mama Tukuyu: Na mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, aombe. Cheti cha kifo cha baba kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) mapema, kabla ya kuomba. Jina la baba likipishana na lililo kwenye cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, kazi ipo!

Mhasibu: Hela ya kula apelekewe kila wiki mbili. Ikienda kwa mkupuo, mwezi wa kwanza wote ni chipsi kuku.