Seva ya mafaili yajizima na kuwaka yenyewe: ni RAM au pawa saplai?

mkaazi_kisauni
Assalaam aleikum. Seva ni Debian 12 (Linux), diski 4 za inchi 3.5, pawa saplai ya wati 300, UPS (betri ya akiba stima ikikatika) ya VA 650. Kwa wiki yajizima mara mbili tatu, kisha yawaka yenyewe. Logi ya kabla ya kujizima, `journalctl -b -1 -e`, inakatika ghafla, hakuna kosa. RAM nimeipima kwa Memtest86+, imepita raundi 4. Ninunue nini?

waya_mwekundu
Wa aleikum salaam. Usinunue kitu bado. Stima ikikatika au bodi kuu (motherboard) ikijiriseti, logi hukatika vilevile, kwa hivyo ziulize diski. Piga `sudo smartctl -A /dev/sda`, uandike namba ya mwisho ya mstari unaoanza na 12, Power_Cycle_Count, yaani mara ngapi diski imewashwa. Ikishajizima tena, itazame upya. Ikiongezeka 1, diski zilikosa umeme kweli: UPS, waya au pawa saplai. Isipoongezeka, bodi ilijiriseti tu. Hapo ndipo urudi kwa RAM na joto la prosesa.

mkaazi_kisauni
Imejizima alfajiri. Zote 4 zimeongezeka 1.

waya_mwekundu
Basi RAM iache. Pawa saplai ikijikata kwa kuzidiwa, kwa kawaida hubaki imezima hadi uchomoe waya. Yako yawaka yenyewe, kwa hivyo nashuku betri ya UPS: stima ikiyumba, UPS yahamia kwenye betri iliyochoka, volti zaporomoka. Zima seva, chomeka kwenye UPS balbu 2 za wati 60 (zile za zamani, si LED), kisha uchomoe UPS ukutani. Zikizima kabla ya dakika moja, betri imekwisha.

fundi_ng'ambo
Na balbu zikidumu, pima volti kwenye plagi ya diski, waya wa njano na mweusi, diski zikianza kuzunguka. Kila moja huvuta kama ampea 2 wakati huo, zote 4 ni karibu wati 96. Isishuke chini ya volti 11.4. Tazama pia pini za plagi kubwa ya bodi. Hewa yetu ya chumvi huzifanya kijani. Pawa saplai yenyewe usiifungue, kapasita yake hushika volti zaidi ya 300 hata ikishachomolewa.

mkaazi_kisauni
Balbu zimezima sekunde 6. Betri imevimba, haitoki kwenye kasha.

fundi_ng'ambo
Usiichokoe kwa bisibisi, shekhe. Toa waya zote mbili kwanza, ufungue skrubu za kasha lote, uisukume kwa mkono. Nunua ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) ileile iliyoandikwa ubavuni, na UPS uitoe kabatini: kila nyuzi joto 10 juu ya 25 hukata umri wa betri za risasi karibu nusu, na Kaskazi haina huruma.