Malori mawili ya bure

Kikundi: UKOO PANDE ZOTE
Jumamosi

07:12 Mjomba: Amkeni. Nimepata mbolea ya bure. Malori mawili, wanakuja kumwaga wenyewe, kazi yangu kuonyesha mahali tu.

07:13 Kaka: Shikamoo mjomba. Bure kutoka kwa nani?

07:15 Mjomba: Marahaba. Mtambo wa majitaka. Ni tope limekaushwa. Jeusi, laini, halinuki sana.

07:15 Shangazi: Halinuki SANA 😂

07:16 Shangazi: Shemeji, yaani choo cha mji mzima ukitandaze kwenye mboga?

07:18 Mjomba: Na samadi ya ng'ombe shemeji unadhani inatoka mdomoni?

07:18 Baba Mdogo: 😂😂😂 Dada hapo umeshikwa

07:22 Mjomba: Naitrojeni ipo, fosforasi ipo, udongo unapata uhai. Na si mambo ya jana haya. Milwaukee kule Marekani wanauza mbolea ya tope, inaitwa Milorganite, tangu 1926. Watu wanaiweka kwenye bustani zao mpaka leo.

07:25 Kaka: Ni kweli. Miji mingine ilikuwa inapeleka baharini. New York walimwaga kwa meli hadi 1992, Uingereza hadi 1998. Bahari ilipopigwa marufuku zikabaki njia tatu: kuchoma, kufukia, shambani.

07:26 Mjomba: Basi mimi ni njia ya tatu.

07:27 Shangazi: Jalala la tatu.

07:31 Mimi: Dada yuko wapi? Hii si ndiyo kazi yake?

07:52 Dada: Shikamooni wote. Nilikuwa njiani. Mjomba, swali moja tu. Karatasi ya vipimo wamekupa?

07:53 Mjomba: Wamenipa namba ya dereva.

07:53 Dada: 🤦🏾‍♀️

07:58 Dada: Sikilizeni, halafu nirudi maabara. Mtambo haufanyi mazingaombwe. Maji yanaingia machafu, yanatoka yamesafika. Uchafu umekwenda wapi? Mwingine umeliwa na bakteria. Uliobaki umezama chini, na ndio hilo tope. Kwa hiyo mtambo ukisafisha maji vizuri zaidi, tope nalo linabeba zaidi.

07:59 Shangazi: Nilisema mimi.

08:04 Dada: Shangazi, ngoja, choo chenyewe si tatizo kubwa. Vimelea vinauawa. Wabishi ni mayai ya minyoo, yana ganda gumu, lakini joto linayamaliza. Kanuni ya Marekani ya 1993 inasema tope likifanywa mboji kwa kupangwa matuta, likae nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15 na ligeuzwe angalau mara tano. Ambalo halikufikishwa hapo linaruhusiwa pia, ila unasubiri. Mazao yanayogusa udongo, usivune kabla ya miezi 14. Ya mizizi, miezi 20, na wakati mwingine 38.

08:05 Mjomba: 38??

08:05 Mjomba: Hiyo ni miaka mitatu na zaidi!

08:06 Dada: Ndiyo maana nimeuliza karatasi. Lako ni la daraja gani?

08:09 Mjomba: Dereva anasema "la kawaida".

08:10 Baba Mdogo: Dereva naye ni maabara 😂

08:13 Dada: Kuna metali nzito pia. Kanuni ileile inataka tisa zipimwe, risasi na zebaki zikiwemo. Ninayoiogopa mimi ni kadimiamu, maana mmea unaivuta bila kujua. Metali haziozi. Ukimwaga leo na mwakani na mwaka wa tatu, zinajumlishana. Siku hizi viwanda vingi vinabanwa visimwage ovyo kwenye mabomba, kwa hiyo tope limepungua ukali kuliko enzi za zamani. Narudi, kuna jambo moja kubwa zaidi.

08:31 Kaka: Ndugu wajumbe, upande wetu unapinga fedha za umma kujenga viwanja vya ndege. Hoja ya kwanza: mlipa kodi asiyepanda ndege anamlipia anayepanda. Hoja ya pili: Ciudad Real...

08:31 Shangazi: ??

08:32 Kaka: Samahani jamani! Hiyo ilikuwa ya kikundi cha mdahalo.

08:34 Baba Mdogo: Usifute. Nimeshaiona.

08:34 Mimi: Ohoo.

08:36 Baba Mdogo: Kijana, mimi nimekula mshahara wa uwanja wa ndege miaka kumi na tisa, na wewe ada yako ya shule ilitoka humo humo. Hebu nipe hizo hoja.

08:40 Kaka: Baba mdogo si wewe ninayekupinga 🙏🏾 Ciudad Real ni Hispania. Uwanja ulifunguliwa 2008, ukala zaidi ya yuro bilioni moja, ukafungwa 2012. Mnadani 2015 mtu akaja na ofa ya yuro 10,000. Bei ya gari kuukuu.

08:42 Baba Mdogo: Huo ulikuwa wa watu binafsi. Soma vizuri.

08:44 Kaka: Binafsi kwa jina. Nyuma yake ilisimama benki ya akiba ya eneo lile. Benki ikayumba, 2009 Benki Kuu ya Hispania ikaingia kuiokoa. Kama huo hauutaki, chukua Castellón, nchi hiyohiyo. Huo ni fedha za umma kabisa. Wamekata utepe Machi 2011, ndege ya kwanza ya ratiba imetua Septemba 2015. Miaka minne na nusu wanafyeka majani. Nje wamesimamisha sanamu kubwa.

08:45 Shangazi: Sanamu ya nini, ya ndege iliyokataa kuja?

08:46 Kaka: 😂😂 Montreal nao walijenga Mirabel, 1975. Abiria wa mwisho 2004. Jengo la abiria likaanza kuvunjwa 2014.

08:53 Baba Mdogo: Sawa, umeorodhesha misiba. Sasa nisikilize mimi niliyekaa ndani. Gharama ya uwanja haijali idadi ya ndege. Itue moja, zitue mia, zimamoto wapo, waongozaji ndege wapo, taa zinawaka, lami inatazamwa asubuhi na jioni. Uwanja mdogo hauwezi kujilipia hivyo hivyo. Umoja wa Ulaya wenyewe katika miongozo yao ya 2014 walikubali kuwa uwanja usiofikisha abiria laki mbili kwa mwaka huenda usimudu sehemu kubwa ya gharama zake. Wakaruhusu ruzuku kwa masharti.

08:54 Baba Mdogo: Norway viwanja vichache vyenye faida vinabeba vile vidogo vya kaskazini. Kampuni moja ya serikali, mfuko mmoja. Mgonjwa wa kule unataka asafirishwe na nini, sledi?

08:56 Mimi: Kaka jibu hilo la sledi.

08:58 Kaka: Sipingi mgonjwa. Napinga utepe.

09:02 Baba Mdogo: St Helena umewahi kuisikia? Kisiwa katikati ya Atlantiki, chini ya Uingereza. Kutoka Cape Town ilikuwa meli, zaidi ya siku tano baharini. Uingereza ikatoa pauni milioni 285 wajengewe uwanja. Ukamalizika 2016, kumbe upepo wa pale unageuka ghafla ndege ikikaribia kutua. Ndege za ratiba zikasubiri hadi Oktoba 2017. Magazeti yaliwacheka sana. Lakini ukiwa na mtoto mwenye uvimbe kichwani, siku tano za meli si kichekesho.

09:04 Shangazi: Hapo kaka yangu umesema.

09:07 Kaka: Umesema kweli. Lakini nani alipe? Marekani kuna mfuko tangu 1970, unajazwa na kodi ya tiketi, asilimia 7.5 kwa safari za ndani. Anayeruka ndiye anayelipa, hilo mimi naliunga mkono. Halafu 2021 wakachota dola bilioni 15 nyingine kutoka hazina kuu kwa ajili ya viwanja. Hapo mkulima aliyeko shambani analipia kapeti la ukumbi wa abiria.

09:08 Mjomba: Mkulima yupi? Mimi nina malori yanakuja, nyie mnanijengea viwanja vya ndege humu.

09:09 Mimi: Mjomba samahani 😂 Dada alisema anarudi.

09:40 Dada: Nimerudi. Nimesoma yote, na mtashangaa: mnazungumza kitu kimoja.

09:41 Shangazi: Choo na ndege?

09:46 Dada: Ndiyo. Kwenye zile metali tisa kuna kitu hakimo. Kinaitwa PFAS. Si kemikali moja, ni maelfu. Kaboni imeshikana na florini na hakuna bakteria wa mtamboni anayewaachanisha, ndiyo maana watu wanaziita kemikali za milele. Zimo kwenye nguo zisizolowa, kwenye vikaango visivyogandisha, karatasi za kufungia vyakula vya mafuta. Na kwenye povu la zimamoto wa viwanja vya ndege.

09:49 Dada: Zinaingia kwenye mabomba, zinapita mtamboni kama mgeni asiyebisha hodi, nyingine zinatoka na maji, nyingine zinakaa kwenye tope. Kule jimbo la Maine, Marekani, walimwaga tope mashambani miaka mingi, kwa nia njema kabisa. Baadaye wakapima maziwa, wakapima visima. Wapo wakulima waliofunga mashamba. Mwaka 2022 Maine likawa jimbo la kwanza kupiga marufuku tope shambani, na likatenga dola milioni 60 kuwasaidia wakulima walioharibikiwa.

09:50 Mjomba: Wakulima walikuwa wamepewa bure?

09:51 Dada: Bure au karibu na bure.

09:51 Shangazi: Rahisi huwa ghali.

10:07 Baba Mdogo: Povu gani hilo?

10:08 Dada: La moto wa mafuta, baba mdogo. Linalotandaza utando.

10:15 Baba Mdogo: Nalijua. Mafuta ya ndege yakiwaka maji peke yake ni bure, unasambaza moto tu. Lile povu linafunika juu, linanyima moto hewa, sekunde chache kimya. Limeokoa watu, msinidharaulie povu. Lakini gari lazima lijaribiwe. Tulikuwa tunapuliza kwenye eneo la mazoezi, tukimaliza tunaosha sakafu kwa mpira. Vijana wapya tuliwaogesha nalo, ndio ukaribisho wa kazini.

10:16 Mimi: Na yale maji ya kuoshea yalikuwa yanakwenda wapi?

10:21 Baba Mdogo: Mtaroni.

10:21 Mimi: Na mtaro?

10:29 Baba Mdogo: Sikuwahi kuuliza.

10:33 Dada: Baba mdogo, hakuna aliyewaambia. Zamani sheria za nchi nyingine ndizo zilidai povu la aina hiyo hiyo. Marekani mpaka Januari 2023 ndipo jeshi lao lilipotoa viwango vya povu lisilo na florini, viwanja vya kiraia vikapata pa kuanzia. Sweden kuna mji unaitwa Kallinge, povu la mazoezi kwenye uwanja wa jeshi liliingia kwenye chanzo cha maji ya kunywa. Wakazi wakashtaki kampuni ya maji. Desemba 2023 Mahakama ya Juu ikasema kuwa na PFAS nyingi namna ile kwenye damu tayari ni madhara ya mwili, hata kabla hujaugua.

10:35 Shangazi: Mdogo wangu, nenda kapime damu.

10:35 Baba Mdogo: Nimekusikia.

10:38 Kaka: Nimefuta hoja yangu ya kwanza. Sasa naandika nyingine. Kwenye hesabu za uwanja kuna lami, taa, mishahara. Bili ya kusafisha kisima cha jirani miaka thelathini baadaye sijaiona mahali.

10:40 Mjomba: Na kwenye hesabu ya mbolea yangu je?

10:41 Kaka: Ndiyo hiyohiyo mjomba.

10:47 Dada: Jamani msinikimbilie huko. Sijasema tope la mjomba lina povu la mtu. Maine kwenyewe macho mengi yalielekea viwanda vya karatasi. Tope la mji usio na viwanda vya hivyo laweza kuwa na kiasi kidogo. Ila "kidogo" ni neno gumu hapa. Januari 2025 shirika la mazingira la Marekani lilitoa rasimu, likasema hata sehemu moja kwa bilioni ya baadhi ya PFAS kwenye tope inaweza kuzidisha hatari kwa familia inayoishi kwenye shamba hilo na kula na kunywa vya hapo. Siyo kwa anayenunua sokoni. Kwa wenye shamba.

10:49 Mjomba: Kwa hiyo ninyi mnasema nisichukue.

10:55 Dada: Nasema upate karatasi. Daraja la vimelea, metali tisa, na PFAS. Uswisi waliona usumbufu, wakalipiga marufuku tope shambani kabisa tangu 2006. Ujerumani wanataka mitambo mikubwa itoe fosforasi kwenye tope au kwenye majivu yake kuanzia 2029, maana fosforasi ni mali, huwezi kuizika. Mimi naona hiyo ndiyo njia, lakini ni ghali. Anayekuletea malori bure hajalipa gharama hiyo.

10:58 Mjomba: Nikimwaga kwenye miti ya mbao? Miti hailiwi.

11:00 Dada: Afadhali. Kwa metali, afadhali sana. PFAS zinashuka na maji ya mvua.

11:02 Bibi: 🎤 0:41

11:03 Shangazi: Sauti ya mama haifunguki kwangu.

11:03 Kaka: Kwangu pia.

11:06 Mimi: Nimeisikiliza. Bibi anawasalimu wote, anasema hayo ya ndege hakuyaelewa. Anauliza, hapo malori yatakapomwaga, kisima kiko upande gani?

11:14 Mjomba: Chini ya mteremko.

11:15 Mimi: ...

11:31 Mjomba: Dereva amepiga. Yuko njiani na la kwanza.

11:31 Dada: Mjomba!!

11:36 Mjomba: Nimemwambia aje na karatasi ya vipimo.

11:36 Mimi: Kasemaje?

11:37 Mjomba: Kakata simu.

11:52 Baba Mdogo: Shemeji, akipiga tena nipe namba ya ule mtambo. Nataka kuuliza mitaro gani inaingia kwao.