Dawa za maumivu ya magoti kwa wazee wetu (Nyanda za Juu Kusini), tupeane uzoefu

Habari za jioni wakuu. Wa Iringa na Njombe, kamwene.

Mama yangu ana miaka 68, yuko Igawilo, Mbeya. Viazi amelima tangu usichana, magoti yamechoka. Daktari alisema gegedu limelika, si baridi yabisi kama tulivyokuwa tunasema. Basi tukawa tunamnunulia diklofenaki duka la dawa la njia panda. Akimeza, jembe anashika. Muuzaji hakuuliza kama ana presha, na sisi hatukusema.

Mwezi wa saba, baridi ile mnayoijua, miguu ikavimba na presha ikagoma kushuka. Tukaambiwa turudi na dawa ZOTE. Nikamwaga kikapu mezani: losartani ya presha, dawa ya kupunguza maji, diklofenaki, na brufeni aliyoletewa na mdogo wangu. Daktari akazisogeza zile mbili za mwisho kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayechambua maharage. Akasema hizi ni ndugu, ukizimeza pamoja nafuu haiongezeki, madhara ndiyo yanaongezeka. Tena juu ya losartani na dawa ya maji, figo zinabanwa. Kweli, kipimo cha figo kilikuwa kimepanda. Kilishuka baada ya kuziacha. Sasa anapaka jeli ya diklofenaki gotini, maana ya kupaka huingia kidogo sana kwenye damu. Kwenu ikoje?

Mtoto wa Mafinga: Mkuu, kwa mzee wangu shida ilikuwa panadol na ulanzi (pombe ya mianzi). Alikuwa anabugia vidonge vinne kwa mpigo, eti "viwili ni vya watoto". Na akipata mafua anaongeza dawa ya mafua, ambayo ndani yake nyingi zina paracetamol hiyohiyo! Tulielezwa hivi: vya miligramu 500, viwili kwa wakati mmoja, katikati upite muda usiopungua saa 4, na kwa saa 24 visizidi 8. Mnywaji au mzee aliyekonda apangiwe pungufu ya hapo, la sivyo ini linaumia. Halafu tusidanganyane, kwa goti lililosagika panadol peke yake nguvu yake ni ndogo.

Chai Ya Rangi: Mimi siyo mzazi, ni mhanga mwenyewe. Brufeni, tumbo tupu, alfajiri kabla ya kuingia shamba la chai, miezi kadhaa. Nikaanza kupata choo cheusi kama lami, kinanata, kinanuka vibaya. Nikasingizia mboga za majani! Nilianguka shambani, nikaongezewa damu chupa mbili. Ukiona choo cha hivyo usisubiri kesho. Siku hizi daktari akiniandikia dawa za jamii hiyo, ananipa na omeprazo ya kulinda tumbo, siku chache tu.

Bibi Harusi Mstaafu: Jihadharini na zile chupa za stendi. Mama mkwe alipewa "ya mizizi", siku ya pili anapanda kilima bila fimbo, tukashangilia. Baada ya miezi uso umeumuka kama andazi, sukari juu. Daktari akashuku imechanganywa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Hakumwachisha ghafla, maana mwili ukishaizoea ni hatari, alimshusha taratibu.

Kijana wa Uyole: Mazoezi je? Wangu anakaa kwenye kiti, ananyoosha mguu mmoja, anahesabu mpaka kumi, anashusha. Wiki za kwanza alinung'unika kweli. Na fimbo ishikwe mkono wa upande usiouma.

Mwanzisha uzi: Ngoja. Goti la mama linalouma zaidi ni la kulia, na fimbo anashika mkono wa kulia.

Nimempigia. Amejaribu kwenda mpaka bandani kwa kuku na kurudi. Anauliza mbona miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia.