TPS mpya, ya Kichina, used ya Japan, au nishushe giaboksi? Corolla inapanda na kushuka gia

Mtoto_wa_Tabata
Wakuu, naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Nina Corolla automatiki. Ikifika spidi ya kati inahangaika, mara inapanda gia, mara inashuka, na wakati mwingine inapiga teke. Fundi wa kwanza kasema giaboksi imekwisha, tushushe tuweke used. Wa pili kasema ni sensa ya throto, TPS. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, nimeoneshwa tatu: orijino mpya, mpya ya Kichina na used ya Japan, na bei zimepishana mno. Nichukue ipi?

Fundi_Umeme_AR
Corolla zipo za kila aina mkuu. Mwaka gani? Injini gani? Fungua boneti usome kibati cha chasisi, mstari wa TRANS/AXLE, utuandikie herufi na namba zote. Ikiishia na L, kama A132L, gia zinapangwa kwa presha ya mafuta na kebo, hapo TPS haihusiki kabisa. Ikiwa na E, zinapangwa na kompyuta. Halafu: inafanya ikiwa ya moto au ya baridi? Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi inapepesa? Mafuta ya gia yana rangi gani?

SpeaZote_Kkoo
Chukua used ya Japan, usijisumbue. Imetoka kwenye gari iliyotunzwa, na plagi inaingia bila kukata waya.

Fundi_Umeme_AR
@SpeaZote_Kkoo hapo sikubaliani. Ndani ya TPS kuna mkono unaosugua njia ya kaboni. Panapolika ni pale throto inapokaa muda mrefu, yaani mguu ukiwa umekanyaga kidogo, na kila gari inaendeshwa hivyohivyo, Japan na Dar. Used unaweza kukuta imelika palepale. Ukitaka used, ipime kabla ya kulipa: ohm kati ya VTA (pini ya ishara) na E2 (pini ya ethi), zungusha taratibu, namba ipande bila kuruka. Multimita ya mshale ni bora kuliko ya dijitali, kwa sababu mshale unauona ukianguka.

Mtoto_wa_Tabata
Samahani kwa kuchelewa. Ni AE110, injini 5A. Kibati kinasema A245E. Taa ya injini haiwaki. Tatizo linakuja kwenye 60 mpaka 80, mguu nimeutuliza.

Mpima_Kwanza
Sasa tunaongea. Mguu umetulia, gia hazitulii: dalili nzuri ya TPS. Kompyuta inaangalia spidi ya gari na throto imefunguka kiasi gani. Ishara ikikatika hata nukta moja, inaona umeachia aksileta, halafu umekanyaga tena. Hapo inafungua lokapu (klachi inayofunga injini na giaboksi zizunguke pamoja) au inahama kati ya 3 na 4, nawe unasikia teke. Giaboksi iliyokwisha mara nyingi haifanyi hivyo. Yenyewe inateleza: RPM zinapanda gari haiendi, na mafuta ni meusi, yananuka kuungua.

Usinunue chochote kwanza. Fanya hivi:

1. Kwenye kile kiboksi cha plagi chini ya boneti unganisha TE1 na E1, washa swichi bila kuwasha injini, hesabu mipepeso ya taa ya injini na ya O/D OFF. Namba 41 ni TPS. 42 ni sensa ya spidi. 62 na 63 ni solenoidi (vali za umeme) za gia, 64 ya lokapu. Lakini taa kutotoa 41 hakuisafishi TPS: pengo fupi la kaboni mara nyingi haliandikwi.

2. Chomoa plagi ya TPS, swichi ikiwa imewashwa. VC (pini inayoleta umeme kutoka kompyuta) kwa E2 iwe karibu 5 V.

3. Rudisha plagi, choma sindano nyuma ya waya wa VTA. Throto imefungwa: 0.3 mpaka 0.8 V. Imefunguka yote: 3.2 mpaka 4.9 V. Katikati ipande polepole bila kudondoka. Rudia injini ikiwa ya moto, na utikise waya.

4. Solenoidi: ohm 11 mpaka 15 kwa kila moja.

Kama bado una wasiwasi na giaboksi, chomoa plagi ya solenoidi ukatembeze barabara tupu. Kwa Toyota hizi, L inakupa gia ya 1, 2 inakupa ya 3, D inakupa ya 4. Zikishika zote bila kuteleza, mwambie fundi wa kwanza asubiri.

Mwana_Mvita
Ndugu yangu, ongeza na kebo. Nyingi za A245E zina kebo ya pili inayotoka kwenye throto kwenda kwenye giaboksi. Hiyo inaongoza presha, TPS inaongoza muda wa kubadili. Kanyaga aksileta mpaka mwisho, kisha angalia kishikizo kilichobanwa kwenye waya wa kebo: kutoka mwisho wa mpira wake iwe milimita 0 mpaka 1. Ikilegea, presha inashuka na klachi za ndani zinaungua taratibu. Ikivutwa sana, kila gia inapiga teke. Mafundi wengi wakisafisha throto hufungua kebo hii na kuirudisha kwa kukadiria.

Rinda_la_Waya
Wote mnaongelea sensa, waya je? Kuna 110 ililetwa gereji ikiwa imeshafungwa giaboksi used na TPS mpya ya Kichina, tatizo lilelile la 60 mpaka 80. VC ilikuwa 5.0. VTA ikipimwa kwa E2 palepale kwenye plagi ilisoma 0.5, nzuri kabisa. Kila mtu aliishia hapo. Multimita ilipowekwa kati ya E2 na negative ya betri, injini ikiunguruma, ikasoma 0.4 V, na inacheza. Hapo haitakiwi kuzidi 0.1. Maana yake kompyuta ilikuwa inaona throto imefunguka zaidi ya ukweli, tena inabadilika na mtikisiko. Inchi chache nyuma ya plagi, waya wa E2 ulikuwa umekatwa na kusokotwa kwa mkono, ukazungushiwa selotepu, ndani umeshakuwa kijani. Ukaunganishwa kwa risasi na bomba la kusinyaa, gia zikatulia. Mwenye gari alishalipia giaboksi ambayo hakuihitaji. Inauma sana kuona.

SpeaZote_Kkoo
Basi achukue ya Kichina, mpya ni mpya.

Mpima_Kwanza
Ahesabu pini kwanza. Yake inatakiwa iwe na 4, pamoja na IDL (swichi inayoiambia kompyuta throto imefungwa). Za bei nafuu nyingine zinaingia kwenye plagi lakini IDL ndani haigusi vizuri. Ikibaki imegusa, kompyuta inadhani mguu umeachia, na lokapu haifungi kamwe. Orijino, namba yake inaanza na 89452. Na yoyote utakayofunga lazima irekebishwe kwa filagaji (vibati vya kupimia nafasi): unaiweka kati ya mkono wa throto na skrubu ya kikomo, IDL iguse kwa unene mdogo na iachie kwa mkubwa. Vipimo vinategemea injini, angalia kitabu cha 5A. Kukaza skrubu mbili tu haitoshi.

Mama_Premio
Jamani na mimi nisaidieni. Premio yangu ya 1NZ haina kebo ya aksileta, inafanya karibu hayohayo, mashine imesoma P2135. Nayo naweza kununua TPS peke yake?

Fundi_Umeme_AR
Hapana mama, hiyo sensa imo ndani ya throto nzima, ziko mbili kwa pamoja, na P2135 ni kwamba hazikubaliani. Pima waya na plagi kwanza, ikishindikana unabadili throto yote. Na mafuta ya giaboksi yako, kama siyo CVT (isiyo na gia za hatua), ni T-IV, usikubali kuwekewa Dexron.

Mwana_Mvita
Ila ya 110 ni Dexron. Na tafadhali musimwage kwa mashine ya presha kama ni meusi, mwaga ya sampu (bakuli la chini la giaboksi) tu.

SpeaZote_Kkoo
Mashine ya presha ndiyo inatoa uchafu wote, acheni woga.

Rinda_la_Waya
Inatoa uchafu na kuupeleka kwenye valvu bodi, zile njia za mafuta zinazobadili gia. @Mtoto_wa_Tabata umepima E2 kwa betri?

Mtoto_wa_Tabata
Bado, naazima multimita kesho. Misimbo imetoa 42, siyo 41. Sasa nibadili sensa ya spidi au TPS?